Mstari wa Sukari wa Mama Hawa

Nilicheka matangani Koboko, na mpaka leo sijaona haya ya kutosha. Tulikuwa wanawake wengi tumeketi mikekani nyuma ya nyumba ya Hawa, siku ya pili baada ya mama yake kuzikwa, na chakula kilikuwa kinaletwa sinia baada ya sinia, kila sinia limefunikwa kwa kawa ya rangi rangi ambayo Wanubi wanaiita tabaga. Macho yalikuwa mekundu na sauti zilikuwa chini. Hawa mwenyewe akaja na sinia lake, akaliweka mbele yangu mimi peke yangu kana kwamba nimefika harusini, akasema polepole, "Hii yako, dada. Kula kwanza. Ukimaliza kula, iko neno mama naacha kwa wewe." Nikaitazama ile kawa. Katikati ilikuwa na vilima vya rangi vinavyopanda na kushuka kwa mpangilio wa kupendeza, kijani, njano, chungwa, nyekundu, lakini kutoka hapo hadi pembeni ilikuwa buluu tupu, buluu pana kupita kiasi, kama kwamba msukaji aliishiwa na rangi nyingine. Bibi mmoja kando yangu akaninong'oneza kwamba marehemu alikuwa fundi kweli, ila hii hakuimaliza vizuri. Hapo kicheko kikanitoka, na kwa kuwa mimi sina kicheko kidogo, watu wote wakanigeukia. Hawa ndiye aliyeniokoa. Aliwaambia waniache, kwamba mimi na marehemu tulikuwa na mambo yetu.

Mambo yenyewe yalianza mwaka ambao kompyuta ilifika ofisini kwetu katika mji wa Arua, katikati ya miaka ya tisini. Habari za ukoo wangu wa Adumi nitaziruka, kwa sababu ndugu zangu wapo na wanapenda kuzisimulia wenyewe, tena kwa kutia chumvi. Nilikuwa msichana mwenye cheti cha kupiga chapa, sketi mbili za kazini, na ajira katika shirika moja la misaada lililopeleka chakula kwenye kambi za wakimbizi. Mkuu wa ghala, Bwana Aluma, alikuwa mtu mwembamba aliyevaa tai hata wakati wa jua la Januari, na ndiye aliyenifundisha ile programu ya vijumba vijumba. Unaandika tarehe upande huu, magunia upande ule, unabonyeza vitufe kadhaa, na kompyuta inakuchorea mstari wa safari nzima ya mahindi. Mstari ukipanda, ghala lina mali na Bwana Aluma anapiga mluzi. Ukishuka, anakaa kwenye redio kuulizia malori. Mimi niliupenda mstari ule kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote cha shule. Nilipenda kwamba mambo ya wiki nyingi, yenye vumbi na makelele na watu kugombana, yanaweza kukaa kimya kwenye karatasi moja ukayaona yote kwa pamoja. Kila jenereta ilipowashwa nilitafuta kitu cha kuchora. Nilichora mvua. Nilichora bei ya nyanya sokoni. Nilikuwa nakaribia kuchora safari za Bwana Aluma kwenda msalani, ndipo Mama Hawa akaugua.

Mama Hawa alikuwa mwenye nyumba wangu. Nilipanga chumba cha nyuma kwake, chumba chenye kitanda, ndoo na dirisha moja linalotazama uani, na uani ndiko dunia yote ilikokuwa. Huko kulichemka masufuria ya rangi, na kamba ya nguo ilibeba ukindu mbichi uliodondosha matone mekundu na ya kijani juu ya kuku waliopita chini yake, hata tukawa na jogoo mmoja wa rangi tatu. Mama Hawa alikuwa mjane wa askari, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha kwata. Tuliongea Kiswahili cha kwetu, kile cha kambini na sokoni, maana Kinubi changu kilitosha kuombea maji tu, na Kilugbara chake kilitosha kutukania tu. Asubuhi alikula gurusa, zile chapati laini za Kinubi, pamoja na chai ya tangawizi yenye sukari nyingi hata nikawa namuuliza kama kijiko kinaweza kusimama chenyewe. Sukari haikumpungukia kamwe. Hawa, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa Koboko, mpakani kabisa, na akifanya biashara ya sukari na vitenge vya kuvuka mpaka, na kila gari lililotoka huko lilikuwa na kifurushi cha mama.

Jioni nilipika enyasa, ugali wetu wa muhogo na mtama, nikala mlangoni huku nikimtazama anasuka. Aliketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha mbele, mkia wa ukindu ameubana kati ya kidole gumba cha mguu wa kulia na kile kinachofuata, mikono yote miwili iwe huru kuzungusha na kukaza. Kidole kile kilikuwa mkono wake wa tatu. Kilishika, kiliachia, kilivuta tena, na yeye wala hakukitazama. Alikuwa anaweza kugombana na jirani, kuonja mchuzi, kunitania kuhusu vijana wa ofisini, na kidole kikaendelea na kazi yake. Wateja walitoka hadi ng'ambo ya mpaka kununua kawa zake, na akina mama wa mtaa wote walijua kwamba ukitaka ya kupeleka kwa wakwe, unakwenda kwake.

Kidole hicho hicho ndicho kilichopata jeraha. Mkanda wa kandambili ulikichubua, basi, kitu kidogo kama punje ya maharage, na akakipaka mafuta ya simsim na kukisahau. Jeraha halikumsahau. Lilikaa, likapanuka, likaanza kutoa maji, na yeye akawa anakunywa maji kama ng'ombe na kuamka mara kwa mara kwenda uani. Nilimvuta hadi zahanati kwa Dokta Adroni. Hakuwa daktari kamili, lakini alikuwa na miwani minene na mikono mipole, na pale Arua hilo lilitosha kumpa cheo. Alilibonyeza jeraha, akalinusa, akachukua mkojo akauchemsha na dawa yake ya buluu, na dawa ikageuka nyekundu kama tofali. Akasema ni ugonjwa wa sukari, na kwamba amekuwa nao muda mrefu bila kujua. Akampa vidonge, akafunga kidole, akampiga marufuku chai tamu. Halafu akavua miwani na kumwambia wazi: sukari isiposhuka, jeraha halitafunga, litaingia mfupani, na hospitali kubwa watakikata kidole.

Mama Hawa akautazama mguu wake. "Wao nakata hii," alisema, "mimi nasuka na nini? Na meno?" Wakati wa kurudi hakumtukana hata mwendesha baiskeli aliyetaka kutugonga, na hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza.

Dokta alitupatia chupa ya ile dawa ya buluu na tyubu ya kioo, akaniagiza nimpime kila asubuhi na kuandika. Basi jiko la Mama Hawa likageuka maabara. Alfajiri, kabla ya uji, niliweka dawa kidogo ndani ya tyubu, nikadondosha matone ya mkojo, nikaishika kwa kibanio cha nguo juu ya makaa ya sigiri mpaka ichemke. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Kijani ni kidogo, njano ni zaidi, chungwa ni mbaya, na nyekundu ya tofali ni hatari. Tatizo ni kwamba nilikuwa napimia rangi mbele ya mwanamke aliyechemsha rangi maisha yake yote. Nilikuwa nikisema njano, yeye ananyang'anya tyubu, anaipeleka kwenye mwanga wa mlango. "Hii hapana njano. Hii ni kijani naanza kuzeeka." Tulibishana mpaka chai ikapoa, chai yake ikiwa sasa haina kitu, na aliinywa kwa uso wa mtu anayekunywa dawa ya minyoo.

Niliandika kwenye daftari, lakini hakutaka hata kulitazama. Alisema namba zinamletea usingizi. Ndipo nikapata wazo langu kubwa. Nilimwomba Bwana Aluma ruhusa, naye akakubali mradi nimalize magunia kwanza na nisiharibu karatasi. Nikaipa kila rangi namba yake, buluu sifuri, kijani moja, kuendelea hadi nyekundu nne, nikazipanga kwenye vijumba vya peke yake, mbali na mahindi, nikabonyeza. Mashine ya kuchapa ikalia kama cherehani yenye hasira na kutoa mstari wa kwanza wa sukari ya Mama Hawa. Niliubeba nyumbani ndani ya bahasha ya ofisi, nimejaa fahari.

Alifuta mikono yenye rangi kwenye kitenge, akaishika karatasi pembeni. "Hii nini?"

"Hii ni wewe, mama. Sukari yako, siku kwa siku. Kama iko juu ni mbaya. Kama iko chini ni mzuri."

Akaitazama kwa muda mrefu, akaigeuza kichwa chini miguu juu, akairudisha. "Nani nasuka namna hii?" aliuliza. "Mulevi?"

"Hapana kusuka. Kompyuta nachora tu. Wewe ndio nampa."

"Mimi?" Akapitisha kidole juu ya mstari. "Hapa napanda mara moja. Hapa naanguka. Hapa nalegea tu kama kamba ya mbuzi. Mutu akiona hii, nasema mikono ya Mama Hawa imekufa." Akanirudishia karatasi kama mteja anayerudisha kitu kibovu, lakini baadaye niliona ameichukua tena, ameitandaza kando ya mkeka na kuikagua huku anasuka.

Kuanzia hapo mambo yakawa mazuri ajabu. Nasema ajabu kwa sababu nilipaswa kujiuliza. Kila wiki nilipochapa karatasi mpya, mstari ulikuwa umeshika adabu zaidi. Ulipanda kijani, njano, chungwa, ukafika nyekundu, ukashuka chungwa, njano, kijani, ukagusa buluu, halafu ukaanza tena, kilima kimoja sawasawa na kingine. Nilimwonyesha Bwana Aluma, naye akasema hata mahindi yake hayana adabu hiyo. Mimi nilidhani ni kwa sababu napima vizuri. Mchana mmoja wa Jumapili nilikuwa nimejilaza chumbani nikasikia kupitia dirisha jirani akimuuliza Mama Hawa, "Leo ni ya nini?" naye akajibu, "Leo ya kupanda. Lete kikombe, na ile kopo." Nilijua wanaongea habari za kawa. Alikuwa ameanza mpya, yenye vilima katikati, na wasukaji huongea hivyo, kupanda safu na kushuka safu.

Siku hizi mimi mwenyewe nina sukari. Mpwa wangu amenipa kile kimashine cha kutoboa kidole, na simu inanichorea mstari bila kuniuliza. Nami bado naandika upya kwenye jedwali langu, maana simu siiamini, na nakiri kwamba kuna asubuhi ambazo natazama mstari uliotulia na kujisikia kwamba umepooza, kwamba unahitaji kitu. Kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa kusoma mistari ya aina hiyo katika ofisi mbalimbali, ya chanjo, ya mvua, ya watoto waliofaulu, na wenzangu walinisema kwamba sipendi kufurahi. Wao wakileta mstari mzuri mno, mimi nauliza kwanza nani anakunywa chai. Hawakuelewa, na sikuwahi kuwaeleza, kwa sababu ingebidi nieleze habari ya jogoo wa rangi tatu, kidole, na siku ile kwa Dokta Adroni.

Siku hiyo tulikwenda na karatasi yangu ndefu, ile yenye matundu pembeni, wiki zote zikiwa zimeungana. Dokta akaitandaza mezani. Akapandisha miwani, akaishusha. "Driciru," aliniambia, "sukari ya binadamu haina nidhamu namna hii." Nilianza kujitetea, kwamba napima kila siku, kwamba rangi tunakubaliana sisi wawili. Akainua mkono kuninyamazisha, akamgeukia Mama Hawa. "Mama, wewe unafanya nini?"

Hakuficha hata kidogo. Alikuwa amesubiri kuulizwa. "Ile ya kwanza ilikuwa mbaya, Dokta, hapana sura. Mimi natengeneza. Siku ya kupanda mimi nakunywa chai na sukari, kikombe moja, kesho yake mbili, mpaka inafika nyekundu. Halafu nashusha. Naacha sukari, naacha gurusa, nakula mboga tupu, na vidonge, mpaka inafika buluu. Halafu napanda tena." Akaelekeza kidole kwenye karatasi. "Angalia hapa na hapa. Iko sawa. Hapa tu ndio iliharibika, watu walileta halua."

Dokta Adroni alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana nilikuwa nimeipigia debe karatasi ile mji mzima. Halafu akakifungua kitambaa cha kidole, na kicheko kikaisha. Jeraha lilikuwa limekuwa kubwa, pembeni limeanza kuwa jeusi. Hakumgombeza. Alimwambia kwa sauti ya kawaida kwamba kila kilima kwenye ile karatasi kilikuwa kinakula kidole, na kwamba kwa mwendo huu hatutafika Krismasi nacho. Mama Hawa akakitazama kidole, akaitazama karatasi, na nikamwona anaisukuma karatasi mbali naye. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo na sikupenda. Alisema, "Mimi nilidhani natengeneza."

Dokta akaanza kufunga kidole upya, polepole, anazungusha kitambaa, na huku anazungusha akauliza, kama mtu anayetaka tu kupitisha muda, "Mama, kwenye kawa, sehemu gani ni ngumu?"

"Hapana ile ya maua," alijibu Mama Hawa. Hata katika huzuni hakuweza kuacha swali la kazi bila jibu. "Wote naona maua. Ngumu ni ukingo. Rangi moja, safu sawa, hapana kupanda, hapana kushuka. Mukono nachoka, roho nachoka, macho nataka kitu. Wasichana wote naharibu hapo. Mutu akitaka kujua fundi, hapana angalia katikati. Naangalia ukingo."

"Basi mama, maua nimeyaona," alisema Dokta, akikaza fundo. "Ni mazuri. Wewe unaweza kupeleka sukari yako popote unapotaka, jambo ambalo wagonjwa wangu wote wameshindwa. Sasa nisukie ukingo. Buluu."

Nilimwona Mama Hawa anapima, kama anavyopima mteja anayeagiza kitu kigumu. "Upana gani?" aliuliza.

"Mpaka jeraha lifunge."

"Hiyo iko kubwa, Dokta. Hakuna kawa na ukingo namna hiyo."

"Ndiyo maana nakuomba wewe," alisema Dokta.

Sitasema ulikuwa wakati wa raha. Nyumba nzima ilifunga pamoja naye bila kupenda. Sukari iliondolewa jikoni ikawekwa chumbani kwangu, chini ya kitanda, na sisimizi wakahamia kwangu nayo. Tulikula enyasa kidogo na osubi nyingi, ile mboga ya kunde inayoteleza, tukala maharage yaliyotoka vijiji vya Ayivu, tukala samaki wadogo wakavu. Jirani alipokuja na kikombe chake aliambiwa, "Leo ukingo. Na kesho ukingo." Siku za mwanzo tyubu iligoma kwenye kijani, naye alikasirika kwa namna aliyokasirika fundo lilipolegea, anafumua hesabu ya jana tangu asubuhi, alikula nini, saa ngapi, mpaka apate pale palipoharibika. Halafu asubuhi moja ikabaki buluu. Akaipeleka mlangoni, akaishikilia kwenye mwanga, hakubisha. Kesho yake ikabaki tena. Nilipomletea karatasi yenye mstari uliolala chini kabisa aliitandaza mkekani na kupitisha kidole juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Hii sasa ni kazi," na nilifurahi hata nikamkumbatia na kupakwa rangi ya kijani kwenye blauzi ya ofisi.

Kisha Hawa akaleta habari kwamba mtoto wa shemeji yake anaolewa Koboko, na mama ndiye atakayekaa mbele. Hakukuwa na njia ya kukataa. Niliomba ruhusa kazini nikaenda naye, chupa ya dawa na tyubu nimezifunga ndani ya taulo. Nyumba ya Hawa ilikuwa na chumba kimoja kikubwa cha wanawake, na kuanzia asubuhi kilijaa udi na hina na masinia ya halua, tende, vitumbua na chai ya maziwa iliyochemshwa na sukari ndani yake moja kwa moja, sukari ya Hawa mwenyewe. Nilikuwa nyuma ya pazia nikipanga vyombo niliposikia mwanamke mmoja akisema, "Ile mama naleta mkojo kwa chupa ndani ya harusi, mumeona wapi?" na wengine wakacheka. Mwingine akasema mgeni akikataa chai ameitukana nyumba. Nilitaka kutoka nikawape maneno yao. Kabla sijatoka nikaisikia ile sauti ya kwata. "Mimi nakataa chai, ndiyo," alisema Mama Hawa. "Mimi niko kwa ukingo. Nyinyi wote hapa munajua kusuka. Nani hapa anaweka uzi nyekundu ndani ya ukingo juu ya aibu ya watu?" Mtu mmoja akaguna kukubali. Nilipochungulia, alikuwa ameweka kiganja juu ya kikombe chake, na macho yake, nasema kweli, hayakuwa kwenye watu. Yalikuwa kwenye sinia la halua, na yalikuwa na majonzi.

Asubuhi, jikoni kwa Hawa, walikusanyika wote kutazama tyubu. Nilitamani wasiwepo. Dawa ikachemka, ikatoa povu, ikatulia, ikabaki buluu kama anga. Wakapiga vigelegele kuliko walivyompigia bibi harusi. Yule aliyecheka nyuma ya pazia alinifuata baadaye kando ya choo, akaniuliza kwa sauti ndogo kama dawa imebaki kidogo, kwa sababu hata yeye anakunywa maji sana.

Wiki zikapita hivyo, buluu juu ya buluu. Nakumbuka siku ambayo Bwana Aluma aliingia ofisini akakuta mashine ya kuchapa imetoa karatasi yangu kabla yake, mstari umelala kwenye sifuri kutoka ukingo hadi ukingo. Alidhani ni ghala. Alipofika kwenye redio alikuwa tayari ameilegeza tai, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, na alikuwa anaanza kuwaambia watu wa Kampala kwamba hakuna hata gunia moja. Nilimkimbilia nikimwambia si mahindi, ni Mama Hawa. Alikaa chini, akajifuta jasho, akaitazama karatasi upya. "Basi huyu mama ana sifuri nzuri sana," alisema, na akanipa ruhusa ya kuchapa nakala ya pili.

Jeraha lilifunga taratibu, kutoka pembeni kuelekea katikati, hadi ikabaki alama nyeusi inayong'aa. Dokta Adroni alikifungua kidole mara ya mwisho, akakivuta, akakigonga, akamwomba akibane kalamu yake kati ya vidole. Akaibana. Dokta akaivuta na haikutoka. Jioni hiyo alinyoosha miguu mkekani, akachukua ile kawa ya vilima aliyokuwa ameiacha bila kumaliza, akabana mkia wa ukindu, na akaanza ukingo. Nilimuuliza ataufanya wa upana gani. Akanitazama kama mtu mzima anayetazama mtoto anayeuliza kwa nini maji ni maji, akavuta karatasi zangu kutoka chini ya mkeka, na kuanza kuhesabu safu.

Nilihama Arua mwaka uliofuata. Yeye baadaye alihamia Koboko kwa Hawa, na kwa miaka yote tuliyoonana aliniuliza kwanza habari ya mistari yangu kabla ya kuuliza habari ya watoto wangu. Sukari haikumwacha. Ilimsumbua macho, ilimlaza mara mbili tatu, na uzee ukaongeza yake. Lakini alikuwa anasuka mpaka mwaka jana.

Nilimaliza chakula changu pale matangani, nikalifunika sinia tena kwa ile kawa, nikaenda nalo jikoni kwa Hawa. Alikuwa ameinama juu ya sigiri akichochea makaa. Nilimwuliza ni neno gani ambalo mama ameniachia, na nilikuwa nimejiandaa, maana maneno ya mwisho ya watu huwa mazito. Hawa akasimama, akafuta macho, na nikaona kwamba anatabasamu.

"Yeye nasema hivi," alisema. "Siku nyinyi naosha mimi, kabla ya kufunga sanda, hesabu vidole ya mguu. Halafu ambia ule mutoto ya Adumi." Akanishika mkono. "Nilihesabu, dada. Iko kumi."